Amana au Azima?

Hapana sherehe ya shule niliyopata kuihudhuria ambayo haikusemwa ndani yake kwamba mtoto ni amana. Husema mgeni wa heshima, hurudia mwalimu mkuu, na mzazi aliyechaguliwa kutoa shukrani humalizia kwa neno lilo hilo. Neno lenyewe ni zuri, na mimi nimelisema mara nyingi. Lakini maneno mazuri yana desturi ya kupita midomoni mwa watu bila ya kuulizwa habari zao, na hili limepita muda mrefu. Leo nataka kuliuliza. Kilichonifikisha kwenye swali hili si kitabu, bali ni maji ya kunywa.

Mwaka 1986 nilipelekwa kufundisha katika shule ya msingi iliyo chini ya Mlima Meru, mashariki ya mji wa Arusha. Mimi ni mtu wa pwani, na kabla ya siku zile sikuwa nimekaa na watu wa bara hata mwezi mmoja. Darasa la nne lilikuwa na mtoto mmoja hodari sana wa hesabu lakini mzito wa kusoma kwa sauti. Akiitwa asome husimama, akakishika kitabu kwa mkono wa kushoto, na kiganja cha kulia akakiweka mdomoni. Kwanza nilidhani ni haya. Kisha nikadhani ni ukaidi. Siku moja nikamwamuru ashushe mkono. Meno yake yalikuwa ya rangi ya kahawia, yenye vishimo vidogo vidogo kama ukuta wa udongo uliopigwa na mvua. Nilimwambia mbele ya wenziwe kwamba mtu asiyepiga mswaki asitaraji kusikilizwa, nikamtoa nje akayasugue kwa mkaa. Alikwenda. Alisugua mpaka ufizi ukatoka damu, akarudi na rangi ile ile. Darasa halikucheka, nami nikastaajabu, maana watoto hawakosi kucheka mwenzao anapoadhibiwa. Nilipowatazama vizuri niliona sababu. Zaidi ya nusu yao walistahili, kwa hukumu yangu, kutolewa nje pamoja naye.

Jioni mwalimu mmoja mwenyeji alikuja nyumbani kwangu. Hakunilaumu. Alisema, "Mwalimu, ule si uchafu. Ni maji."

Miamba ya Mlima Meru ilitokana na moto wa volkano, na ndani yake mna madini yaitwayo floridi. Maji yapitapo katika miamba hiyo huyayeyusha, yakayachukua hadi katika chemchemi, mito na visima. Kiasi kidogo, kisichozidi miligramu moja hivi katika lita, hulikinga jino na kuoza. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5. Katika sehemu nyingi za mteremko ule maji hupita miligramu 10, na maziwa ya Momela yaliyo juu yake yana mamia. Kuna mji mdogo uitwao Maji ya Chai, nao ulipata jina kwa rangi ya mto wake. Ila rangi hiyo yaweza kumdanganya mgeni, kwa kuwa floridi haina rangi, wala harufu, wala ladha. Maji maangavu kabisa ya bomba yaweza kuwa nayo kuliko maji ya mtoni. Wala kuyachemsha hakufai kitu. Mama aliyefundishwa zahanati kwamba maji hufanywa salama kwa moto hufukuza vijidudu vya kuhara, lakini floridi hubaki sufuriani, na kwa kadiri mvuke unavyotoka ndivyo kilichobaki kinavyozidi ukali. Ikizidi sana mwilini kwa miaka mingi haiishii menoni. Huingia mifupani, ikapinda miguu ya watoto na kukaza uti wa mgongo wa watu wazima.

Jambo la jino lahitaji kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu shule yaweza kulitumia kujitetea. Jino la ukubwani hujengwa ndani ya ufizi miaka kadhaa kabla halijachomoza. Meno ya mbele hupata umbo lake mtoto akiwa bado mgongoni kwa mamaye au akicheza uani, na kufikia umri wa miaka minane kazi yote, isipokuwa magego ya mwisho, imekwisha. Basi meno yale niliyoyaaibisha hayakuharibiwa na shule. Yalipofika kwangu yalikuwa yameharibika tayari. Nalikubali hilo. Lakini bomba la shule lilitoka katika chemchemi ile ile. Mtoto aliyeingia na miaka saba alinywa hapo miaka saba mingine, na mifupa haijengwi kwa ratiba ya meno. Hukua mpaka ujana, na mwili wa mtoto, kwa kila kilo ya uzito wake, hunywa maji mengi kuliko mwili wa baba yake. Kipimo kilichofanywa kwa ajili ya mtu mzima kinampwaya mtoto kama koti la kuazima.

Nimeandika "kuazima," nami nitalirudia neno hilo baada ya kitambo.

Watu wengi waliponieleza habari za maji yale walimaliza kwa kusema kwamba ndivyo Mungu alivyoiumba nchi. Maneno haya yana ukweli ndani yake. Hakuna tajiri aliyemwaga sumu mlimani Meru. Tazama jinsi kesi ilivyo tofauti huko Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, na risasi yake ikaingia katika damu ya wakazi na watoto wao. Huko palikuwa na mlango wa kubishiwa hodi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya vuta nikuvute ya rufaa Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo mwaka 2024. Lakini mlima haushtakiwi. Ndiyo maana nadhani madhara yasiyo na mtenda ndiyo yanayotupima zaidi, maana hatuwezi kujificha nyuma ya hasira yetu juu ya mwovu.

Hata hivyo neno "asili" lina tarehe. Mwaka 1901 daktari wa meno aitwaye Frederick McKay alifika mji wa Colorado Springs, Marekani, akawakuta wenyeji wana meno ya kahawia kama ya Meru. Alitafuta sababu kwa miaka mingi. Watu walimwambia ni chakula, wengine maziwa, wengine hewa. Yeye alishuku maji lakini hakujua ni nini ndani ya maji, na haikujulikana mpaka mwaka 1931 ambapo mkemia H. V. Churchill aliyapima kwa namna mpya akaona floridi. Kabla ya mwaka ule, bibi aliyemnywesha mjukuu wake maji ya mto hana la kujibu mbele ya mtu yeyote. Baada yake, si kila mtu aweza kusema hivyo. Kujua hakuyabadilishi maji, lakini humbadilisha mwenye kujua. Kilichokuwa msiba jana huwa kazi leo, na asiyeifanya hawezi tena kuketi matangani pamoja na waliofiwa. Mimi niliadhibu kwa kutojua, na udhuru wangu ni mdogo, maana nilikuwa mwalimu na sikuuliza; ila idara zilizopima maji yale zilijua zaidi yangu na mapema kuliko mimi.

Sasa narudi kwenye amana.

Sisi watu wa pwani tulijifunza maana ya neno hili kwa masheikh kabla ya kulisikia kwa wanasiasa. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa kwako uitunze. Wewe huna faida nayo. Umeipokea kwa wema, na kwa kuwa ni mtenda wema, sheria hukuonea huruma: nyumba ikiungua moto usiouwasha, au mwizi akivunja mlango uliokuwa umefungwa, hulipi. Utalipa tu iwapo ulizembea au ulivuka mpaka uliowekewa. Huu ni uadilifu mtupu. Nani angalikubali kumtunzia jirani mkufu wake ikiwa kila ajali ingekuwa deni juu yake?

Basi shule isemapo kwamba mtoto ni amana, imejitwalia, labda bila ya kukusudia, cheo cha mtenda wema. Ni kama kusema: wazazi mmetuomba tuwatunzieni, nasi tumekubali. Yakitokea ya kutokea na sisi hatukuzembea, msitudai. Maji yalikuwa hivyo kabla ya shule kujengwa, na fedha ya kuyasafisha haikuletwa. Mwenye amana aombe subira.

Lakini je, ndivyo mtoto alivyofika shuleni? Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akasema wazi kwamba shule ni ya taifa zima, na kwamba mwanafunzi asomeshwe kwa ajili ya kuitumikia jamii yake. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaamua kwamba watoto wote waingie shule za msingi. Mwaka 1978 Sheria ya Elimu ikafanya kuandikishwa na kuhudhuria kuwa lazima, na mzazi asiyempeleka mwanawe akawa mkosaji. Sisemi haya kwa kulaumu. Mimi ni zao la azimio hilo na nina fahari nalo. Nasema tu kwamba mtu haji kwako na amana kwa kuogopa kutozwa faini. Taifa lilimtaka mtoto. Lilimwita kwa sheria, likamweka mahali lilipochagua lenyewe, kwa saa lilizochagua lenyewe, kwa faida ambayo kwa haki iliitaja kuwa ni yake pamoja na ya mtoto. Kitu kinachochukuliwa na anayekihitaji, kitumike kwa faida yake, kisha kirudishwe, kwa Kiswahili hakiitwi amana. Kinaitwa azima.

Na hukumu ya azima si hukumu ya amana. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, aliyeazima kitu hukidhamini. Kikiharibika mkononi mwake analipa, hata kama hakuzembea, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na haja. Imetolewa ruhusa moja tu: hatozwi kwa uchakavu unaotokana na matumizi yale yale aliyoruhusiwa. Ukiniazima jembe nikalime, sitakulipa makali yaliyolika kwa udongo. Lakini nikilirudisha limevunjika kwa sababu nililiacha njiani gari likapita juu yake, sina la kusema, hata nikiapa kwamba gari halikuwa langu.

Naiona hukumu hii kuwa na mwanga mkubwa kwa jambo letu, na mtu hana haja ya kuwa Mwislamu ili auone. Yako yanayomchakaza mtoto shuleni ambayo ni matumizi yaliyoruhusiwa. Atachoka, atapasuka goti uwanjani, atalia kwa sababu ya hesabu za sehemu, atapata mafua kwa mwenziwe wa dawati. Mzazi alijua. Lakini mzazi hakuruhusu mifupa. Hakuruhusu mapafu yajazwe moshi wa jiko lililojengwa upande upepo utokako, wala hakuruhusu vumbi la rangi yenye risasi linalobambuka dirishani, wala nyuzi za asbesto zinazotoka pale mabamba makongwe ya paa yanapovunjwa kwa nyundo watoto wakiwa darasa la pili yake. Kwa mwenye amana haya yote ni maswali ya kama alizembea au hakuzembea, na ushahidi wake hauna mwisho. Kwa mwenye kuazima swali ni moja: kimerudi namna gani?

Nimeletewa hoja kwamba nchi maskini haiwezi kujifunga kwa hukumu kali namna hii. Hoja hii haifai kudharauliwa, na mfano wake ulio wazi kuliko yote ni kipimo cha floridi chenyewe. Mwaka 1974, mwaka ule ule wa Musoma, Tanzania ilitoa vipimo vya muda vya maji ya matumizi ya nyumbani, na kwa floridi ikaruhusu miligramu 8 katika lita kwa maji ya vijijini. Mtu asomapo leo hushtuka. Lakini fikiri kwa mawazo ya mhandisi wa siku zile. Angeshika miligramu 1.5, ingempasa kufunga visima visivyo na idadi kutoka Arusha mpaka Singida na Shinyanga. Na mwanamke aliyefungiwa kisima hakai na kiu, bali hurudi bwawani wanakonyweshwa ng'ombe. Kipindupindu huua kwa siku mbili, floridi hupinda kwa miaka kumi. Katika mabaya mawili alichagua lililo jepesi, nami nisingethubutu kusema kwamba mimi ningechagua vingine.

Kosa sitaki kulitafuta katika namba ile. Nalitafuta katika neno "muda." Kipimo kilishuka baadaye kikawa miligramu 4, na cha 1.5 kikaingia katika viwango vya taifa mwaka 2018. Toka 1974 hadi 2018 ni miaka 44. Katika muda huo mtoto aliyezaliwa chini ya kipimo cha muda aliota meno ya utotoni na ya ukubwani, akaoa, akazaa, na mwanawe akaota meno, na mjukuu akaanza kutambaa. Serikali husema "kwa muda" ikihesabu kwa mipango ya miaka mitano mitano, lakini mwili wa mtoto una miaka minane tu ya kujenga meno, na haurudii. Na kulikuwa na ubaya wa pili, mdogo kwa sauti lakini mkubwa kwa matokeo: maji yaliyokuwa chini ya 8 yalipopita kipimo, yaliitwa salama. Mhandisi alijua kwamba maana yake ni "afadhali." Mwalimu hakujua. Mpishi wa shule hakujua. Lau tungaliambiwa neno "afadhali" tungalitafuta njia ya kulipunguza baya lililobaki. Kwa kuwa tuliambiwa "salama," tulipumzika.

Njia zilikuwapo. Kituo cha Ngurdoto, kilicho katika mteremko ule ule, kimefanya uchunguzi wa kutoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya wanyama, nao huinasa vizuri. Iko pia njia ya shabu na chokaa, itokayo Nalgonda huko India. Kila njia ina udhia wake: shabu hutaka mkono unaopima kila siku, na mkaa wa mifupa huchoka ukahitaji kubadilishwa, tena wako watu ambao imani yao hudai kwanza wajue ni mifupa ya mnyama gani. Mimi mwenyewe navutwa zaidi na njia isiyo na elimu yoyote, nayo ni paa.

Chukua shule ya watoto 500, ambayo mabati ya madarasa yake yakijumlishwa ni mita mraba 400. Ikinyesha milimita 800 kwa mwaka, paa hilo huteremsha lita 320,000. Toa moja ya tano kwa ajili ya mvua za kwanza zinazoachwa zioshe mabati, na kwa maji yanayomwagika. Zabaki lita 256,000. Mtoto akinywa lita moja kwa siku, na siku za masomo tuzifanye 200, shule nzima yahitaji lita 100,000. Maji yasiyo na floridi ya kuhesabika huanguka juu ya vichwa vya watoto wale mara mbili na zaidi ya haja yao, yakamomonyoa uwanja wa mpira, yakaenda zake. Kinachokosekana ni chombo cha kuyangoja kiangazi. Toka Julai hadi Oktoba tuseme mna siku 80 za masomo. Basi tangi liwe la lita 40,000. Hiyo ndiyo bei ya jambo hili, si siri ya sayansi wala rehema ya wageni. Ni ghali kwa kijiji. Kwa taifa lililojenga madarasa yenyewe, si ghali.

Sitaki kufanya kama kwamba tangi lingemaliza kila kitu. Miaka ile nilikwenda jikoni kwa mpishi wetu, mama mmoja wa makamo, kumwuliza kuhusu makande. Ilikuwa nimesikia kwamba magadi yanayotiwa katika maharage ili yaive upesi hubeba floridi nyingi, na ni kweli. Magadi ya ukanda ule huweza kumfikishia mtu floridi hata akiwa anakunywa maji mema. Nilimshauri aache kuyatia. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwalimu, bila magadi maharage haya yataiva watoto wamekwisha kwenda makwao. Na kuni unaziona." Rundo la kuni lilikuwa dogo. Kila mtoto alileta mti mmoja Jumatatu. Kumbe kila tendo la uangalifu lilikuwa na mkono uliolivuta nyuma, na mkono wenyewe haukuwa wa mtu mbaya: floridi kidogo kwa kuni kidogo, kuni kidogo kwa moshi kidogo, na watoto wamekula saa sita badala ya saa tisa. Ninapoisikia hoja ya umaskini nakumbuka rundo lile, na siwezi kuicheka. Nasema tu kwamba aliyeazima jembe hawi huru na deni kwa kuwa ni maskini. Umaskini waweza kumfanya mdai awe mpole, wampe muda, wamsamehe hata nusu. Haumfanyi aseme kwamba jembe lilikuwa lake.

Pana hoja nyingine, nayo hutoka vinywani mwa wazee: sisi tuliyanywa, na tazama, tuko hai. Hii nitaipitia upesi. Waliokuwa na uti wa mgongo uliokazana hawakuwa barazani tulipokuwa tukizungumza.

Iliyo nzito ni ile aliyonipa rafiki yangu mmoja, mwanasheria. Alisema: mfano wako wa azima una tundu. Azima ina mwenyewe, naye ndiye anayedai. Mtoto si mali ya mzazi. Mzazi naye, ukimbana, ni mwenye amana tu. Basi ni nani aliyemwazimisha mtoto huyu kwa taifa, na ni nani atakayekuja kudai?

Nilikaa na swali hili muda mrefu. Jibu nililolipata ni hili, na msomaji ana uhuru wa kulikataa. Mwenye kuazimisha ni yule mtu mzima ambaye mtoto atakuwa. Mifupa ni yake, mapafu ni yake, ubongo uliojengwa kabla ya umri wa kubalehe ni wake. Mtoto anavijenga tu, kama fundi ajengaye nyumba ambayo yeye mwenyewe hataikaa. Mtu huyo hayuko darasani. Hawezi kukataa, hawezi kuuliza maji yametoka wapi, hawezi kuhama shule. Kila kinachofanywa kwa mtoto hufanywa kwa mali ya mtu ambaye hayupo, na mali ya asiyekuwapo, kwa desturi zetu zote, ndiyo inayotakiwa kushikwa kwa mkono mwangalifu kuliko mali ya aliyeketi mbele yetu akitutazama. Lakini yeye ana tofauti moja na maghaibu wengine. Huyu lazima atakuja.

Kwangu amekuja. Ilikuwa katika kituo cha mabasi cha Moshi, miaka michache iliyopita. Mtu mwenye mvi kidogo masikioni alisimama mbele yangu akaniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika marahaba bila ya kumjua. Alinitajia jina lake, shule, na darasa la nne. Nikamkumbuka kwa hesabu zake kwanza, na nilitumai kwamba naye angenikumbuka kwa hizo. Tuliongea habari za wenziwe, nani yuko wapi, nani alifariki. Alikuwa mhasibu. Nilisema neno la mzaha kuhusu mwalimu mkuu wetu wa zamani, akacheka sana, na alipocheka mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe ukafunika mdomo.

Hakusema lolote juu ya siku ile, wala mimi sikusema. Aliniambia kwamba amerudi kujenga kwao, na kwamba binti yake wa mwisho ataandikishwa Januari katika shule ile ile. Akauliza kama najua habari za maji ya shule siku hizi. Nilimjibu kwamba sijui, ila nitauliza.

Nilimwandikia mwalimu mkuu aliyepo, ambaye hanijui, naye kwa hisani akanijibu. Shule ina watoto zaidi kidogo ya 500. Tangi la mvua lipo, la lita 10,000. Watoto wakirudi likizoni mwezi wa Julai huwa limejaa, nalo hukauka kabla ya Agosti kwisha, hata wakipewa kikombe kimoja kimoja. Baada ya hapo hufunguliwa bomba.

Barua hiyo nimempelekea baba wa mtoto kama ilivyo.